Vijiko Vitatu vya Mzee Saa

Mzee Saa hakuwahi kuvaa saa maishani mwake. Jina alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya miguu yake. Kila baada ya nusu saa miguu ilimwambia wakati umefika. Aliinuka, akaosha nyayo kwenye karai la maji, akazifuta kwa kitambaa, akapanda jukwaani kugeuza kakao. Hakukosea. Wenye saa za mkononi walimtazama yeye kwanza, kisha ndiyo wakatazama saa zao.

Jukwaa lenyewe ni sakafu ndefu ya mbao, imeinuliwa hadi usawa wa kiuno cha mtu. Juu yake kuna paa la mabati lenye magurudumu. Mvua ikija paa linasukumwa kufunika, jua likitoka linasukumwa kando. Mbegu za kakao hutoka kwenye masanduku ya kuvundikia zikiwa zimelowa, zinanuka siki, zinamwagwa hapo zikauke. Zisipogeuzwa zinaota ukungu. Wengine hugeuza kwa reki. Mzee Saa aligeuza kwa miguu mitupu. Anaukokota wa kulia, anaukokota wa kushoto, nyayo haziinuki, mbegu zinafunguka huku na huku na kuacha mfereji nyuma yake. Akifika mwisho anageuka na kuanza mfereji mwingine. Alisema mguu unajua mambo ambayo reki haiyajui. Hapa bado pana unyevu. Hapa pameshakauka. Hapa pamepata moto mno, patafanya mbegu ipasuke.

Alianza kazi hiyo ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na sitini na saba.

Mke naye alimpata hapo hapo, kwenye meza ya kuchambua. Meza iko chini ya kibanda, hatua kama arobaini kutoka jukwaani. Wanawake wanakaa kwenye benchi na kutoa mbegu mbovu: zilizosinyaa, zilizoota, zilizotobolewa na wadudu. Siku ya kwanza alimwona akitupa mbegu mbovu bila hata kuitazama, huku anamcheka mtu wa upande wa pili wa meza. Vidole vyake vilikuwa na macho. Mzee Saa, wakati huo kijana wa watu, akakosa mfereji. Ndiyo mara pekee aliyowahi kukosa mfereji, na mkewe alimkumbusha jambo hilo miaka arobaini.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, mkewe aliacha meza akabaki nyumbani. Lakini kakao hakuiacha. Kazini wanaruhusu wafanyakazi kuchukua vipande vilivyovunjika. Alivikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka vikaanza kulia, akavipepeta maganda, akavitwanga, akavichemsha kwa maji, akachuja. Kila asubuhi kikombe kimoja mezani, na vingine viwili kwenye chupa ya chai ya kwenda nayo kazini. Mzee Saa hukaa kwenye kiti karibu na mlango, mgongo ameelekeza jikoni, anajikata kucha au anatazama nje tu. Mazungumzo yao yalikuwa yale yale.

"Sukari vijiko vingapi?" anauliza mkewe.

"Vitatu."

"Kila siku vitatu. Wewe na sisimizi hamna tofauti."

Kisha anasikia kijiko kikikoroga, na mwishoni kikigonga ukingo wa kikombe. Ti, ti, ti. Mara tatu. Akisikia hivyo anajua kakao yake iko tayari, anageuza kiti.

Homa ilimchukua mkewe kwa siku nne. Siku ya tano wakamzika.

Msimamizi wa jukwaa alimwonea huruma. Ni mtu mwema, mdogo kwake kwa miaka ishirini, na ana tabia ya kujikuna shingo akiwa na jambo zito la kusema. Alijikuna shingo, akasema, "Mzee wangu, sitaki usimame juani na mawazo hayo. Kaa mezani kidogo. Chambua. Jukwaa lipo, halikimbii."

Kwa hiyo Mzee Saa akakaa kwenye benchi la kuchambua. Benchi lile lile. Alikaa kutwa, akarudi nyumbani, akakaa tena. Vidole vyake havikuwa na macho. Mbegu nzuri alizitupa, mbovu akaziacha, na wanawake wa mezani wakawa wanazirekebisha kimyakimya akiwa hatazami.

Asubuhi alijipikia kakao mwenyewe. Alifanya kila kitu kama mkewe. Alikaanga, akapepeta, akatwanga, akachemsha, akachuja. Akachukua kopo la sukari, akatia vijiko vitatu, vimejaa. Akakoroga. Akagonga ukingoni, ti, ti, ti. Akanywa.

Ilikuwa tamu mpaka taya zikamuuma.

Alikaa na kikombe mkononi akafikiri. Kakao ni ile ile. Kikaango ni kile kile. Vijiko ni vitatu. Kilichobadilika ni yeye. Akaona ni msiba. Watu husema msiba unambadilisha mtu, wengine unawatoa mvi, wengine unawaziba masikio. Wake uliingia ulimini. Hakumwambia mtu. Alijikaza, akamaliza kikombe, na kesho yake akatia vitatu tena. Kutia viwili kungekuwa kama kumpunguza marehemu. Akajilazimisha kuuzoea utamu ule kama alivyojilazimisha kuzoea kitanda kipana.

Miezi saba ikapita hivyo. Ukafika wakati wa kupimwa afya. Kila mwaka kabla ya msimu mkubwa wafanyakazi wote huenda zahanati, wanapimwa, wanarudi na karatasi. Muuguzi alikuwa mpya, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya taratibu. Alimtoboa kidole, akatoa na damu nyingine ya mkononi. Baada ya siku tatu akamwita.

"Baba, kaa. Kipimo hiki kinaonyesha sukari yako ilivyokuwa kwa muda wote wa miezi mitatu iliyopita. Imefika tisa nukta moja. Mtu mzima kama wewe ningependa niione chini ya saba na nusu."

"Mimi siumwi."

"Najua. Ndivyo inavyoanza. Mkojo unakuamsha?"

Ulikuwa unamwamsha. Alidhani ni upweke.

Muuguzi akamwandikia kidonge cha asubuhi. Akasema apunguze wanga, atembee. Kisha akafungua kadi yake ya zamani, ile ambayo mkewe ndiye aliyekuwa akiitunza kwenye mfuko wa plastiki, akasoma kwa macho. "Kakao unakunywa bado?"

"Kila siku. Naipika mwenyewe, ya mbegu."

"Vizuri. Kwa hiyo endelea nayo vile vile kama ilivyoandikwa hapa."

Mzee Saa akaitikia kwa kichwa. Kusoma hakujua. Mkewe alijua kidogo, akamsomea alichohitaji. Akaona kama kadi inasema aendelee vile vile, basi ataendelea vile vile.

"Na jukwaani?" akauliza. "Nataka kurudi."

"Mnafanya kazi peku?"

"Peku."

Muuguzi akavua miwani. "Hapo sitaweza kukusainia, baba. Sukari ikiwa juu miguu inapoteza hisia. Utakatwa na kibanzi cha mbao usijue. Kidonda kidogo hakiponi, kinakuwa kikubwa. Nimeona watu wakipoteza mguu kwa kitu kama mwiba. Rudi baada ya miezi minne. Ikishuka chini ya saba na nusu, nakuandikia karatasi mwenyewe."

Msimamizi alipopewa habari akajikuna shingo muda mrefu. Akasema mezani anaweza kukaa mpaka msimu uishe, yaani miezi hiyo hiyo minne. Baada ya hapo kibanda kinafungwa, na mtu asiye na karatasi hawezi kuandikwa msimu mpya. "Utapumzika, mzee. Umefanya kazi ya kutosha. Tutakuaga vizuri."

Mzee Saa alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake. Vyumba viwili. Viatu vya mkewe bado vilikuwa karibu na mlango, kimoja kimelala ubavu kama alivyokiacha. Alijaribu kufikiria kukaa humo asubuhi, mchana na jioni, siku zote zilizobaki, hakuna mfereji wa kufuata. Kifo hakikumtisha. Kiti kile ndicho kilichomtisha.

Kule kazini kulikuwa na mtu anayeitwa Redio. Alisukuma paa. Kazi yake ilikuwa kutazama mawingu na kusukuma mabati, na katikati ya mawingu na mawingu alikuwa na nafasi kubwa ya kusema. Hapakuwa na habari asiyokuwa nayo, na nusu ya habari hizo zilikuwa za kweli.

"Mzee wangu, usihangaike na vidonge," akamwambia. "Dawa iko hapa unaikanyaga. Nimesikia kipindi cha afya. Kakao ina vitu vya mmea ndani yake, wameviita flavanoli. Vinafungua mishipa. Damu inapita. Mwili unachoma sukari kama jiko. Kuna wazee wamepewa kakao, wakapanda ngazi bila kuhema."

"Wamesema hivyo?"

"Kwa masikio yangu."

"Wamesema vikombe vingapi?"

Redio akatazama mawingu. "Vingi," akasema.

Basi Mzee Saa akaongeza. Kutoka vitatu akafika vikombe sita kwa siku. Na kila kikombe kilikuwa na vijiko vyake vitatu, maana kadi ilisema vile vile. Alikunywa kama mtu aliyekula kiapo. Usiku mkojo ukamwamsha mara nne. Mchana akasinzia mezani, mbegu mkononi. Mwezi mmoja baadaye akapita zahanati apimwe kidole tu, ajue anaendeleaje. Muuguzi akatazama kile kifaa, akamtazama yeye, akapima tena kidole cha pili.

"Baba, umekula nini?"

"Nafuata kadi."

Muuguzi akakunja uso. Nje foleni ilikuwa ndefu, kuna mtoto analia. Akamwongezea kidonge, akamwambia aje na mtu wa nyumbani safari ijayo, mtu anayeona anachokula.

Mtu wa nyumbani hakuwepo. Watoto wao wawili walikuwa mbali, kila mmoja na shughuli zake. Mzee Saa akaona aibu kuwaita kwa ajili ya kipimo. Lakini wiki ile ile shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, akaja bila kuitwa. Alikuwa mshonaji, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sindano kifuani mwa nguo yake siku zote. Tangu Mzee Saa alipomwoa dada yake hawakuwahi kuzungumza bila kutaniana.

Alisimama mlangoni na kikapu chake, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji, umekonda. Nani amekunyima chakula, na mpishi ni wewe mwenyewe?"

"Karibu ndani. Usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Akaingia, akavisimamisha viatu vya dada yake vizuri bila kusema neno, akakaa. Mzee Saa akaenda jikoni kumpikia kakao. Ilikuwa jambo pekee aliloweza kumpa. Alikaanga, akapepeta, akatwanga. Shemeji alimsikiliza tu, akiwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kiti cha Mzee Saa, mgongo ameelekeza jikoni. Mzee Saa akachuja vikombe viwili. Akafungua kopo. Kimoja, viwili, vitatu. Kimoja, viwili, vitatu. Akakoroga, akagonga. Ti, ti, ti.

Shemeji akanywa funda moja. Akalirudisha kikombeni.

"Umenipikia shira?"

"Ndivyo alivyopika dada yako."

"Dada yangu nani?"

"Una dada wangapi? Vijiko vitatu, miaka yote. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia, vitatu. Ila tangu aondoke ulimi wangu umeharibika. Ninaisikia tamu kupita kiasi. Nimevumilia tu."

Shemeji aliweka kikombe chini. Uso wake ukaanza kufanya vitu viwili kwa pamoja. Midomo ilimcheza, macho yakajaa maji. Kisha kicheko kikamtoka. Alicheka akishika kifua upande wa sindano, akacheka mpaka akatokwa na machozi, akajifuta kwa pindo la nguo, akaanza upya. Mzee Saa alisimama na kijiko mkononi, hajui aingie upande gani.

"Shemeji," akasema alipoweza. "Wewe hukunywa kakao yenye sukari miaka kumi na moja."

"Unasema nini?"

"Kumbuka ule mwaka wa kisigino. Kile kidonda."

Alikumbuka. Kibanzi kilimwingia kisiginoni, akakaa wiki tano bila kupona. Mkewe ndiye aliyempeleka zahanati, kwa muuguzi wa zamani aliyekwisha kustaafu.

"Muuguzi alimwita dada pembeni. Alimwambia sukari ya mumeo iko ukingoni, bado kidogo ianguke upande wa pili. Dada akakuambia upunguze. Ulijibuje?"

Mzee Saa akatazama sakafu. Hilo pia alilikumbuka. Alisema kakao isiyo na sukari ni dawa ya minyoo, na yeye hana minyoo.

"Ndiyo. Hukuambilika. Basi akakufanyia ujanja. Kila wiki alipunguza robo kijiko. Robo tu. Alinionyesha, kwangu, kwa kijiko changu. Ulimi wako ukamfuata kama mbuzi wa kamba. Baada ya miezi mitatu hivi ulikuwa unakunywa kakao tupu, nyeusi, chungu, na unasema asante."

"Lakini nilikuwa nasikia anavyokoroga."

"Alikoroga hewa. Kijiko kitupu. Alikuja kwangu akiniigizia, ti, ti, ti, tunacheka mpaka nakosa tundu la sindano. Aliniapisha. Akasema nikikuambia hanisemeshi tena." Akatazama viatu vya dada yake mlangoni. "Sasa nimekuambia, na yeye hanisemeshi. Kwa hiyo tuko sawa."

Mzee Saa akakaa. Hakukaa kwenye kiti, maana kiti kilikuwa na mtu. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, pale mkewe alipokuwa akipepetea maganda. Kutoka hapo, kwa mara ya kwanza, akaona mgongo wa kiti chake unavyoonekana. Mtu akikaa pale, anatazama nje. Haoni chochote kinachofanyika jikoni. Miaka kumi na moja mkewe alimtazama mgongo ule na kukoroga hewa.

Kitu kikamtekenya ndani. Alidhani ni kilio. Kilipofika mdomoni kikawa kicheko, chembamba kwanza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Shemeji akaanza tena naye.

"Mwizi," akasema Mzee Saa. "Aliniibia sukari yangu nyumbani mwangu."

"Na akaila mwenyewe. Si uliona alivyonenepa?"

Mzee Saa akainuka, akaleta ule mfuko wa plastiki, akatoa kadi. "Nisomee."

Shemeji akaisogeza mbali na macho, akatafuta mahali. "Hapa. 'Kakao, bila sukari. Mke ameelekezwa.'" Akageuza. "Na mwaka unaofuata: 'Bila sukari, anaendelea vizuri.' Na mwingine hivyo hivyo. Na mwingine."

Mzee Saa akachukua vikombe vyote viwili, akavimwaga nje. Akachemsha upya. Hakugusa kopo. Akapuliza, akanywa funda moja, akafumba macho.

Ilikuwa chungu. Ilikausha ulimi pembeni, ikaacha harufu ya moshi kidogo puani. Ilikuwa kakao ya mkewe, yenyewe, bila kupungua. Miezi minane aliitafuta kwa vijiko, nayo ilikuwa chini ya sukari muda wote.

"Ulimi wangu ni mzima," akasema.

"Ulimi ndiyo. Kichwa sina hakika."

Shemeji alikaa wiki mbili. Alikwenda naye zahanati kama mtu wa nyumbani. Muuguzi aliposikia kisa chote alijifunika mdomo kwa faili, mabega yakamtikisika. Kisha akaomba radhi. Alisema alipaswa kumsomea kadi kwa sauti, siku ile ya kwanza.

Mzee Saa alikuwa na swali. Alilibeba tangu nyumbani. "Binti, yule rafiki yangu anasema kakao ina vitu vya mmea vinavyoshusha sukari. Nataka kujua. Mke wangu alinipa hiyo chungu miaka kumi na moja, na nilikuwa mzima. Ni ile kakao iliyonishika?"

Muuguzi akaweka faili chini. "Vitu hivyo vipo. Flavanoli, rafiki yako hakukosea jina. Sehemu ya ule ukali unaokausha ulimi inatokana navyo. Watafiti wameona vinaweza kuilegeza mishipa ya damu, presha ikashuka kidogo. Wengine wanaona pengine vinasaidia mwili kutumia sukari vizuri, na misuli kupata damu mtu akifanya kazi. Nasema pengine, baba. Majaribio mengi ni ya watu wachache na muda mfupi. Halafu mbegu ikivundikwa, ikianikwa, ikikaangwa, sehemu kubwa ya vitu hivyo inapotea. Kikombe chako kina vilivyobaki tu."

"Kwa hiyo si kakao."

"Labda kidogo ni kakao. Lakini niambie, jukwaani ulikuwa unatembea kiasi gani?"

Mzee Saa akahesabu kwa mifereji. Urefu wa jukwaa, mara idadi ya mifereji, mara idadi ya nusu saa. Shemeji akamsaidia kwa vidole. Muuguzi akaandika, akatazama alichoandika.

"Ulikuwa unatembea kilomita saba kwa siku ukisukuma mzigo kwa miguu. Kisha kwa wakati mmoja ukakalishwa kwenye benchi, na ukaanza kula sukari vijiko tisa. Vijiko kumi na nane ulipomsikiliza rafiki yako. Mwili gani hautalalamika? Kama unatafuta wa kumsifu, msifu aliyeitoa sukari. Hiyo ndiyo yenye uhakika."

Mzee Saa akaitikia. Jibu hilo lilimtosha kabisa.

Ilibaki miezi miwili na nusu. Alimeza kidonge chake. Alikunywa kikombe kimoja asubuhi na viwili kazini, chungu. Msimamizi akamruhusu kutembea, ila kwa viatu, na si juu ya kakao. Basi kila nusu saa Mzee Saa aliinuka kutoka benchi, akalizunguka jukwaa kwa chini, mara kumi. Alikokota miguu kwenye vumbi kwa mazoea, akaacha mifereji huko. Wanawake wa mezani wakaanza kumtania kwamba anaanika udongo.

"Unakauka lini huo udongo, Mzee Saa?"

"Mkiacha kuunyeshea maneno."

Redio alimfuata pembeni siku moja, amenywea. "Nimesikia niliyokufanyia, mzee wangu. Mimi nilisikia kakao. Sukari hawakuitaja."

"Mimi pia sikuitaja," akasema Mzee Saa. "Sukuma paa, mvua hiyo inakuja."

Siku ya kipimo alikwenda peke yake. Alioga, akavaa shati la harusi za watoto wake. Damu ilitolewa Jumatatu. Majibu ni Alhamisi. Siku hizo tatu alizunguka jukwaa hata wakati usio wake, na wenye saa za mkononi wakachanganyikiwa.

Alhamisi muuguzi alimwita ndani. Karatasi ilikuwa mezani imelala kifudifudi. Mzee Saa akaona kwamba kama angeweza kusoma, angeogopa hata zaidi.

"Safari hii nasoma kwa sauti," akasema muuguzi. Akaigeuza. "Saba nukta mbili."

"Hiyo ni chini?"

"Ni chini."

"Ya saba na nusu?"

"Ya saba na nusu, baba. Nimepima na miguu yako, unasikia vizuri. Nitakusainia. Lakini kila jioni unaikagua, vidole, visigino, katikati ya vidole. Kidonda chochote unakuja siku hiyo hiyo. Na kila miezi mitatu nakuona hapa."

Akasaini. Mzee Saa akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi. Pumzi ikamtoka, ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Muuguzi akamuuliza kama anataka maji. Akasema hapana, anataka kwenda kazini.

Kakao ya kwanza ya msimu mpya ilimwagwa kibanda kilipofunguliwa tena. Msimamizi alikuwepo, akijikuna shingo bila sababu yoyote. Mzee Saa akavua viatu, akavipanga chini ya jukwaa vikiwa vimesimama. Akaosha nyayo kwenye karai. Akazifuta, akazikagua kidole kwa kidole kama alivyoagizwa, huku Redio anamwambia afanye haraka kabla mbegu hazijaota. Akapanda.

Zilikuwa za uvuguvugu, zinateleza. Akaukokota wa kulia. Akaukokota wa kushoto. Mfereji ukafunguka nyuma yake. Katikati ya jukwaa akahisi mahali penye unyevu, akarudia.

Alipomaliza alishuka, akakaa ukingoni miguu ikining'inia, akafungua chupa ya chai. Redio akaja na kikombe chake mwenyewe.

"Nipe na mimi hiyo dawa, nione kama nitapanda ngazi."

Mzee Saa akammiminia, akachovya kijiko kikombeni, akakoroga taratibu, akagonga ukingo. Ti, ti, ti. Redio akanywa funda kubwa. Uso wote ukamkunjamana mpaka masikio yakasogea.

"Mzee wangu, hii umetia sukari ngapi?"

"Vitatu," akasema Mzee Saa, akajimiminia cha kwake.